Unga Chini ya Mtarakwa

Wengi mmeniuliza, pale kwenye bomba la maji la landhi, nyumba zetu za wafanyakazi, na hata tukitoka kanisani, niliendea nini Sachangwan na mbona nilirudi nimenyamaza. Nimeona kuliko kumwambia huyu nusu na yule nusu, heri niandike mara moja, nanyi mpeane. Shule yangu iliishia njiani, mnajua, kwa hiyo pale nitakapokosea mtanisamehe. Habari za vibali na pasi za kusafiri nitaziruka. Kila mtu wa rangi yetu amezichoka.

Mnajua pia kazi niliyofanya miaka ya Hali ya Hatari. Sikubeba bunduki, wala sikumhoji mtu. Nilikaa katika chumba chenye dirisha moja hapa Nakuru nikisoma maneno yaliyoletwa na wengine: fulani ameonekana mahali fulani, akiwa na fulani. Kazi yangu ilikuwa kulinganisha. Jambo likisemwa na mtu mmoja tulilingoja. Likisemwa na watu watatu tuliliita la kweli. Tangu niache kazi ile nimekuwa nikijiuliza swali moja ambalo pale mezani halikuwa na nafasi: hao watatu walilisikia wapi? Maana watu watatu wakichota mto mmoja, huwezi kusema umeonja mito mitatu.

Ndipo akaja kwangu kuomba msaada Mama Nyambura, yule anayeuza viazi karibu na stesheni. Mumewe, Gathogo, alikuwa mkata miti kwenye kiwanda cha mbao juu ya Sachangwan. Alishikwa kwa sababu ilisemekana alikuwa akiwawekea chakula watu wa msituni chini ya mti, akafungwa kizuizini. Sasa ameachiliwa, anakaa Elburgon kwa shemeji yake. Mzungu mwenye kiwanda amesema atamrudisha kazini ikiwa watu wa kambi watamkubali, na wote wamekubali isipokuwa mlinzi, Mzee Wanjala. Mdogo wake Wanjala aliuawa na watu wa msituni mlangoni pa kiwanda. Jumapili kungekuwa na baraza. Wanjala akikataa, Gathogo angepelekwa kwenye rizavu ya Wakikuyu, mahali ambapo hakuzaliwa, hana shamba, hana hata mtu wa kumwonyesha pa kulala.

Mchungaji aliniambia niende kwa sababu najua kupima maneno. Nikamjibu kwamba najua kupima maneno ya karatasi, si ya watu. Akasema ni yaleyale. Mimi niliona si yaleyale, lakini nilienda.

Jambo moja niseme kabla sijapanda treni. Habari ya Gathogo haikupita mezani kwangu, ilisomwa chumba cha pili, imesemwa na watu watatu. Sisemi hivyo kujitakasa. Ingepita kwangu, ningeandika neno lilelile waliloandika wao.

Nakuru hadi Elburgon

Treni ya asubuhi ilikaa stesheni hadi jua likatuchoma mabegani. Ilisemekana inangoja behewa la mahindi, kisha ikasemekana behewa limefika ila dereva amekwenda kunywa chai. Mama mmoja mwenye jogoo kapuni alisema pengine dereva na behewa wamekwenda kunywa chai pamoja. Tulicheka, na baada ya hapo ikawa kama tunajuana.

Karibu yangu alikaa mzee wa Kipsigis aliyevaa koti la jeshi, ambaye alikuwa amepigana vita vya Wazungu huko Burma. Aliniuliza kazi yangu. Nikasema sasa hivi napima maua ya pareto ghalani. Akauliza na kabla ya pareto? Sikutaka kudanganya, nikamwambia. Nilidhani atahama kiti. Badala yake alisogea karibu.

"Basi wewe utanisaidia," akasema. "Kule Burma, mtu akijificha msituni na kumpiga Mjapani, aliitwa shujaa, alipewa medali. Huku mtu akijificha msituni anaitwa gaidi. Ni msitu ndio unabadilisha jina?"

Nilimwambia kwamba ofisini tulilitumia neno hilo kwa mtu anayeua watu wasio na silaha ili wengine waogope. Akafikiri. Akauliza, na ndege iliyotupa mabomu kule Aberdare, ilikuwa inauliza kwanza nani ana silaha? Nikasema sijui. Akasema yeye pia hajui, na kwamba hao watu wa msituni walimchomea binamu yake nyumba na watoto wakiwa ndani, kwa hiyo nisidhani anawapenda. "Ninauliza tu," akasema. "Tangu nirudi kutoka vita sina mtu wa kuuliza."

Tukafika Njoro tukila mahindi ya kuchoma tuliyonunua dirishani. Niliona haya kidogo. Miaka yote ile nilitumia neno hilo kila siku, na hakuna aliyewahi kuniuliza maana yake mpaka mzee mwenye punje za mahindi ndevuni.

Kabla ya Elburgon mvua ilikuwa imeshusha udongo wa kilima juu ya reli. Wafanyakazi wa reli walikuja na majembe, bila haraka. Tuliambiwa tushuke, atakaye atembee. Tulitembea kando ya reli, mama wa jogoo akiwa mbele. Ukungu wa kule unaingia mpaka mfukoni.

Elburgon

Gathogo nilimkuta akipasua kuni nyuma ya nyumba ya shemeji yake. Nilikuwa nimemfikiria mtu mkubwa. Ni mfupi, mikono mirefu, na anapokusikiliza anainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza iwapo mti unakaribia kuanguka. Alipojua kazi yangu ya zamani, aliweka shoka chini taratibu, akaninawisha mikono yeye mwenyewe kabla ya kula. Hilo lilinitatiza. Nilidhani ni woga. Baadaye shemeji yake alinieleza kuwa ndivyo anavyowafanyia wageni wote.

Tulikula viazi vilivyopondwa na mahindi na majani ya malenge. Nikamwuliza wazi: uliweka unga chini ya mti?

Akasema ndiyo.

Nikauliza kwa ajili ya nani?

Akanieleza, na nitawaeleza kama nilivyoelewa. Ndani ya msitu ule wanakaa watu ambao sisi tunawaita Wandorobo, na wenyewe hujiita Okiek. Wanaishi kwa mizinga ya nyuki. Serikali iliwaamuru watoke msituni, wengine wakatoka, wengine wakabaki kwa kujificha. Ukitaka asali yao huendi kuwaita. Unaweka unga na chumvi chini ya mti mliokubaliana tangu wazee, unafunika, unaondoka bila kutazama nyuma. Kesho au keshokutwa unarudi, unakuta asali kwenye kibuyu chako. Ukikaa kungoja, umemwita mwenzako mwizi. Mti wa kambi ile ni mtarakwa mkubwa wenye kovu la moto.

Nyambura, binti yake, alikuwa ameposwa. Mahari ya Kikuyu haiendi bila pombe ya asali, na wazee hawakubali ya sukari.

"Mbona hukusema hivyo walipokuhoji?"

"Ningesema asali ni ya nini? Ya pombe. Pombe ilikuwa imekatazwa. Asali inatoka kwa nani? Kwa mtu anayetafutwa atolewe msituni. Ningejiokoa kwa kumtoa yeye." Akachukua kiazi. "Na wangesema nadanganya hata hivyo. Wewe ungeniamini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Kisha nikauliza lile lililokuwa likinisumbua: watu wa msituni hawakuwahi kula unga ule?

Aliinamisha kichwa. "Mimi niliweka," akasema. "Sikukaa nikaangalia mdomo wa aliyekula."

Jibu hilo nililibeba njia yote iliyobaki. Lilikuwa jibu zuri mno, na ofisini nilikuwa nimejifunza kuogopa majibu mazuri.

Elburgon hadi Sachangwan

Reli ilikuwa bado imefungwa. Nikapata lori la mbao linalorudi tupu, dereva wake singasinga mwenye kilemba cha buluu, minyororo ya tairi ikiwa imelala miguuni pangu. Hakunisemesha mpaka tukapita Molo. Nilijaribu habari za barabara, za mvua, za bei ya mtarakwa. Mahali pa utelezi tulikwama, tukashuka kufunga minyororo, na tope likanifika magotini. Hapo ndipo aliponiuliza, akiwa chini ya lori, ni nani safari hii ninakwenda kumshika.

Kumbe shemeji ya Gathogo alimwambia anapeleka mtu wa ofisi ile, akidhani kwamba kwa kusema hivyo nitapata nafasi ya mbele. Nafasi nilipata. Nilimweleza kisa chote nikiwa nimeshika mnyororo. Akatoka chini, akapangusa mikono, akanipa chapati iliyokunjwa na kitunguu na pilipili iliyonitoa machozi. "Sasa kula," akasema. "Mimi nilikuwa nasema moyoni, huyu atakula njaa mpaka Sachangwan."

Dereva alimjua Gathogo, akamsifu sana. Lakini alisema pia kwamba mwaka ule alipakia mwili wa mdogo wa Wanjala kwenye lori hilihili, na hakuna mtu anayeweza kumwambia Wanjala asahau. Nililiandika hilo moyoni upande wa Wanjala, kwa sababu hakuna aliyenituma kumtetea yeye.

Kambi ya kiwanda

Mzee Wanjala ni Mbukusu, mimi Mmaragoli, makabila jamaa ya upande wa magharibi, kwa hiyo tukikutana ugenini huku ni kama ndugu. Hilo lilinitia hofu badala ya kunipa moyo. Niliogopa kumwonea huruma kupita kiasi, halafu nikaogopa kwamba kwa kuogopa hivyo nitamnyima haki yake.

Alinipikia ugali wa wimbi na mboga chungu, akanipa kiti, yeye akakaa juu ya gogo. Alizungumza juu ya mdogo wake kama mtu anayemweleza mgeni njia. Alikuwa kijana wa mzaha, aliyeimba vibaya kwa sauti kubwa. Alikuwa mlangoni na rungu tu. Walitaka mapanga na blanketi za stoo, naye akakataa kutoa ufunguo.

"Ufunguo wa Mzungu," Wanjala akasema. "Si hata wa kwake. Mimi nilimfundisha hivyo. Nilimwambia mlinzi ni ufunguo."

Nikamwuliza ana chuki na Wakikuyu? Alinitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. Nyapara wa kambi ni Mkikuyu na wanakula pamoja. "Mimi sina neno na kabila. Nina neno na unga. Mtu hawezi kuua akiwa na njaa. Aliyewapa nguvu ya kuinua panga ni nani? Niambie hilo, mimi nitanyamaza."

Mke wa nyapara, mama mcheshi anayeuza uji kwa wapasua mbao, ndiye aliyenionyesha njia ya kwenda kwenye mti. Njiani aliniambia, bila mimi kuuliza, kwamba yeye ndiye aliyeuona unga ule mara ya kwanza akiokota kuni, na Gathogo akitoka pale. Aliwaambia wanawake kisimani, nao wakawaambia waume zao. Nikamwuliza nani mwingine aliuona kwa macho. Akafikiri. Hakuna. Nikasimama pale njiani. Mto ulikuwa mmoja.

Chini ya mti

Hapa mtanicheka, na ni haki yenu. Niliweka unga na chumvi chini ya mtarakwa wenye kovu, nikafunika kwa majani kama nilivyoelekezwa. Kisha, badala ya kuondoka, nikaingia nyuma ya kichaka. Nilijiambia ni udadisi tu. Nilitaka kuona. Miaka yote nilisoma habari za watu walioonwa na watu wengine, na sikuwahi kuona hata mmoja.

Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi. Walikuja nyani wakanitazama, wakaenda. Mvua ikaja. Unga ukalowa.

Niliporudi kambini mke wa nyapara aliuona ukoka kwenye suruali yangu akajua. "Ulikaa kuchungulia," akasema, akacheka mpaka akaweka sufuria chini. "Huyo mzee wa asali amekuona tangu ukiwa kwenye lori. Karani, wewe serikali ilikupa mshahara wa kujificha?"

Siku iliyofuata niliweka unga mwingine, nikaondoka bila kutazama nyuma. Shingo iliniuma kwa kujizuia. Kesho yake asubuhi nikakuta asali kibuyuni mwangu, nyeusi, yenye masega na nyuki wawili wamekufa ndani. Na juu ya gogo, mbali kidogo, amekaa mzee mwembamba aliyejifunika ngozi ya pimbi. Alisema anaitwa Leboo. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, cha vipande, lakini kilitosha. Alitaka kujua aliyeweka unga ni nani, maana rafiki yake mfupi hakuonekana miaka mingi.

Nikamweleza. Alisikia vibaya sana kuhusu kufungwa. Akathibitisha yote: unga, chumvi, asali, posa ya binti. Furaha ilinipanda. Ningeweza kuondoka pale pale. Lakini nikauliza swali moja zaidi, na mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri. Nikauliza ikiwa kila mara aliukuta unga.

"Si kila mara," akasema. "Mara ingine unga hakuna, na asali yangu hakuna. Watu wengine wamekula. Watu wa bunduki."

"Gathogo alijua?"

"Mimi nilimwambia. Kwa kibuyu." Akachukua kibuyu changu, akaziba kwa kiganja, akakigeuza mdomo chini juu ya mzizi. Hiyo ilikuwa ishara yao ya tangu wazee: mwizi amepita hapa.

"Na baada ya kukigeuza, aliweka tena?"

Leboo alinyoosha vidole viwili. Kisha akasema, kama anayemwombea mtu, kwamba binti alikuwa karibu kuolewa.

Jumapili

Sikulala vizuri, na sikupata njia ya katikati. Nikisema ya asali tu, nitakuwa nimesema kweli, na Gathogo atarudi. Nikisema ya kibuyu, nitakuwa nimesema kweli pia. Hakuna aliyejua ila Gathogo, mimi, na mzee ambaye hatatoka msituni. Nilijiuliza nimepewa na nani ruhusa ya kuamua ukweli upi ukae nyumbani. Ofisini tulifanya hivyo kila siku na tukaita usalama wa nchi.

Baraza lilikaa kwenye magogo, karibu na msumeno mkubwa. Nyapara alifungua kwa sala. Nilisimama nikaeleza habari ya mti, na ya asali, na kwamba walioshtaki walikuwa watatu lakini jicho lilikuwa moja. Mke wa nyapara aliinama, kisha akasema kwa sauti kwamba ni kweli, ni yeye, na hakujua maneno yake yatafika wapi. Watu wakaanza kutikisa vichwa kwa kukubali.

Wanjala hakutikisa. "Mwana wa kwetu," akaniambia, "wale waliomuua ndugu yangu walikula unga ule, au hawakula?"

Nikasema: "Mzee, huenda walikula. Si yeye aliyewapa. Lakini alionyeshwa kwa ishara kwamba wanaula, na baada ya hapo akaweka tena mara mbili. Kama ni kwa ajili ya harusi, au ni kwa woga, au ni kwa kuwapenda, mimi sijui. Sikuingia moyoni mwake."

Mke wa nyapara alinitazama kana kwamba nimemwaga uji wake. Mtu mmoja nyuma akauliza huyu karani ametumwa na nani hasa. Nilikaa chini. Nikaweka kofia magotini.

Wanjala alikwangua gome la gogo kwa ukucha. Kisha akasema taratibu:

"Huyu alitumwa na mke wa Gathogo. Amekula chakula chake, amekuja kumtetea. Na bado amesema lile baya, ambalo hapa hakuna mtu angemuuliza. Basi hata lile zuri naliamini. Angesema zuri tupu, ningekataa mpaka kufa." Akasimama. "Arudi. Ila hatajenga kule chini na wenzake. Atajenga mbele yangu, mlango utazame mlango wangu. Nikitoka asubuhi nimwone. Naye akitoka anione mimi, kila siku, mpaka mmoja wetu afe. Akikataa hivyo, aende rizavu."

Nyapara aliuliza kama kuna neno lingine. Halikuwepo.

Elburgon tena

Reli ilikuwa imefunguliwa. Nilishuka Elburgon nikamwambia Gathogo yote, pamoja na yale niliyosema juu ya kibuyu, kwa sababu sikutaka ayasikie kwa mwingine. Nilisimama mbali kidogo, nikidhani pengine atanipiga. Angenipiga nisingemlaumu.

Hakukana na hakueleza. Aliinamisha kichwa vilevile. Baadaye akauliza mlango wa Wanjala unatazama wapi.

Nikasema mashariki.

"Basi wangu utatazama magharibi," akasema. "Jua la jioni litakuwa linanichoma macho." Akaingia ndani, nami nikamsikia akimwambia shemeji yake amtafutie kamba ya kufungia godoro.